Aliingia akitembea, akatoka kwa magongo: je, hospitali inadaiwa?

SWALI: Wakili, mume wangu ni fundi ujenzi. Alipatwa na maumivu makali ya kiuno, akawa anachomwa sindano katika hospitali ya wilaya na kurudishwa nyumbani. Siku alipoeleza kwamba mkojo umegoma na makalio yamekufa ganzi, aliwekewa mpira wa mkojo na kulazwa. Rufaa ilitolewa siku ya tano. Huko alipigwa picha ya MRI na kupasuliwa, lakini hadi leo anatembea kwa magongo na hawezi kuzuia haja. Imepita miaka miwili na miezi minne. Tulilalamika Baraza la Madaktari, bado tunasubiri. Shemeji anasema tulisaini fomu ya upasuaji, hivyo tumejifunga. Kuna mtu ameahidi kututolea shilingi milioni 300, yeye achukue asilimia 40, ila anataka faili halisi. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, poleni. Nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuua dai lenu kabla jaji hajafungua jalada. Dai la aina hii lina ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na kwa kuwa hospitali ni ya umma, mnapaswa kwanza kutoa notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, kisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika shauri litakalofunguliwa Mahakama Kuu. Mmebakiza miezi minane. Kwa usalama punguzeni humo zile siku 90 za notisi, mkabaki na mitano. Malalamiko yenu Barazani hayasimamishi hesabu hiyo. Baraza linaweza kumwadhibu daktari hata kumfutia usajili, lakini haliwalipi fidia. Muda ukipita, mlango unaosalia ni kumwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria auongeze, naye hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa awali, wala halazimiki kuongeza.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha. Karibu kila anayekuja ofisini kwangu na dai la mgongo huja na hoja ileile: aliingia akitembea, akatoka amepooza, ushahidi gani tena unatakiwa? Unatakiwa mwingi. Mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti; kosa la namna hiyo linajieleza lenyewe. Mgongo haujielezi. Diski iliyochomoka, kifua kikuu cha mifupa, uvimbe au ajali vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu hata mgonjwa akiwa mikononi mwa daktari hodari, na kupooza peke yake hakuonyeshi kama aliyekosea ni daktari au ni ugonjwa uliomshinda.

Kwanza mahakama itauliza kama daktari alifanya ambacho mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angekifanya, kipimo kilichotokana na shauri la Bolam la Uingereza mwaka 1957. Swali la pili ndilo linaloangusha wengi: angefanya ipasavyo, matokeo yangekuwa tofauti? Katika miaka ya 1960 walinzi watatu wa London walikunywa chai yenye sumu, wakaenda hospitali, na daktari wa zamu hakuwaona bali aliagiza warudi nyumbani. Mmoja alifariki. Mahakama ilikubali kwamba ulikuwa uzembe, lakini mjane akashindwa, kwa sababu hata kama mumewe angelazwa asingepona.

Mkojo kugoma pamoja na ganzi ya makalio ni dalili kwamba mishipa ya mwisho wa mgongo inaweza kuwa imebanwa, na hiyo ni dharura inayohesabiwa kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo dai lenu limo katika zile siku tano: nani aliandika nini, saa ngapi, miguu ilikuwa na nguvu kiasi gani siku ya kwanza na kiasi gani siku ya rufaa. Ikiwa nguvu zilikuwa zikipungua kila siku, mna hoja nzito. Ikiwa kila kitu kilikuwa kimekwisha potea alipofika, mdaiwa atasema upasuaji wa mapema usingesaidia. Ombeni maelezo ya wauguzi, barua ya rufaa, picha za MRI na taarifa ya upasuaji, kisha mtafuteni bingwa asiyehusika azisome. Fomu ya shemeji isiwatishe: ilihusu hatari za upasuaji, haikuhusu siku tano za kusubiri.

Huyo wa milioni 300 ni kishoka, yaani wakili wa bandia. Gharama halisi huthibitishwa kwa risiti, na fidia ya maumivu hupangwa na jaji, hivyo hakuna anayeweza kutaja kiasi hata risiti hajaziona. Ulizeni kama jina lake limo katika orodha ya mawakili kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Faili halisi msimpe mtu; hata mimi nakala inanitosha. Nimewahi kupokea familia ambayo kishoka aliiandikia barua moja ya madai, akachukua faili na pesa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Walipofika kwangu ilikuwa miaka mitatu na miezi miwili, na hawakuwa na karatasi hata moja.