Mba haziishi? Mimi nilizilisha mafuta miaka minne

Mleta mada, umesema unapaka mafuta ya nazi kila usiku, kichwa bado kinabanduka magamba, na tangu usuke rasta ndiyo imezidi. Nimekusoma nikajiona mwenyewe. Miaka minne nilishikilia hesabu hiyohiyo: kichwa kikitoa unga kimekauka, na kilichokauka dawa yake mafuta. Nikipaka, siku mbili unatulia, ya tatu unarudi na muwasho juu yake. Nguo nyeusi nilishaacha kuvaa. Kwenye daladala nakimbilia siti ya nyuma kabisa, asiwepo wa kuniangalia mabega.

Siku moja nimejikuna, nikaangalia chini ya kucha. Haukuwa unga mkavu wa kupeperuka. Ulikuwa na unjano kidogo, unanata, ukiusugua kati ya vidole unateleza kama nta. Nikajiuliza, ukavu gani huu wenye mafuta? Nikampelekea mfamasia wa mtaani kwetu, mama mtu mzima. Nilipomtajia mchanganyiko wangu wa nazi na mzeituni alicheka: "Mwanangu, unawapikia wageni kila siku halafu unashangaa hawaondoki?"

Kichwani kwa kila mtu, mwenye mba na asiye nazo, wanaishi fangasi wanaoitwa Malassezia. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Hata maabara wakitaka kuwaotesha huwawekea mafuta, ya mzeituni kwa mfano. Wakila wanaacha asidi, na kuna sisi ambao ngozi zetu haziivumilii: inawasha, inavimba kidogo, inaanza kujibandua haraka kuliko kawaida. Hayo ndiyo magamba yako. Si uchafu, na humwambukizi mtu kwa kitana, kwa hiyo wifi akikutenga na chanuo lake mwambie atulie.

Dawa aliyonipa yule mfamasia ni shampuu ya ketoconazole 2%, dawa ya fangasi. Nikamwambia hii nilishatumia, haifanyi kazi. Akaniuliza naikaliza kichwani muda gani. Jamani, nilikuwa naipaka kama sabuni, povu likitoka nasuuza! Inatakiwa ikae dakika tano hivi, na igusane na ngozi, siyo nywele.

Na rasta nilifanya hivi. Nilichukua chupa tupu ya tomato sosi, ile ya kubinya yenye mdomo mwembamba, nikaweka shampuu na maji kidogo iweze kutiririka. Nikalowanisha kichwa, nikapitisha mdomo wa chupa mstari kwa mstari kuanzia paji la uso hadi kisogoni, nikisugua kwa ncha za vidole. Kucha zisiguse humo, zinachana ngozi. Kisha naosha vyombo vya asubuhi, dakika zinaisha zenyewe. Kusuuza ndiko kwenye kazi, maana povu linajificha kwenye mashina. Na zikauke kabisa kabla ya kulala. Rasta mbichi chini ya kilemba ni joto na unyevu, fangasi wanasherehekea. Kondishena weka kwenye nywele tu, maana shampuu hii inakausha.

Mara mbili kwa wiki, wiki nne. Muwasho kwangu ulikata wiki ya pili, magamba yakachelewa hadi ya nne. Sasa naosha nayo mara moja kila wiki mbili, kwa sababu mba huwa zinarudi ukiacha moja kwa moja. Ukikosa hiyo, kuna za zinc pyrithione na selenium sulfide. Ya seleniamu ina harufu yake, na kama umepaka nywele rangi inaweza kuibadilisha.

Naona wengi hapa juu wanakuandikia ndimu. Mimi nilikamulia ndimu kichwani, maji yake yakanichuruzika shingoni, nikatoka kuanika nguo juani. Siku ya pili shingo imewaka, ikatoa malengelenge, ikaniachia doa jeusi la miezi. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza, hilo lina maelezo yake kitaalamu. Mba zenyewe zilibaki palepale.

Kuna vitu vinafanana na mba na sivyo. Mtoto akiwa na magamba ya mviringo na nywele zimekatika hapo, hayo ni mapunye. Yanaambukiza, na shampuu peke yake haiyamalizi kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele. Anahitaji vidonge vya wiki kadhaa kutoka kwa daktari. Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayovuka mpaka wa nywele, hasa ukiwa nayo na viwikoni, muone daktari wa ngozi. Na mba zikilipuka ghafla hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua, akikushauri upime VVU usikasirike, ni moja ya sababu wanazoziangalia.

Mafuta yangu ya nazi bado yapo, napaka miguuni. Wewe tuambie hizo rasta zina wiki ngapi. Kama zimepita sita fumua kwanza, uoshe kichwa kikiwa wazi walau mara tatu, ndipo umrudie msusi. Na mwambie asikupake grisi kwenye mistari.