Wadogo zangu wa ambulensi, fungueni mlango wa nyuma kwanza

Juzi nimemwona kijana wetu mpya akijaza fomu ya ukaguzi akiwa ameketi kiti cha mbele. Tiki, tiki, tiki, sahihi. Mlango wa nyuma hata haujaguswa. Nilitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja, maana kiti kile nimekikalia mimi.

1. Mtungi wa oksijeni hausomwi kwa macho ya jana. Fungua valvu, tazama sindano ya geji, piga hesabu ya dakika.

Nilikuwa nimetoka zamu ya saa 12, mwenzangu wa kunipokea hakufika, nikaombwa niendelee. Chumba cha simu, wale wanaotupangia safari, wananihimiza: kuna rufaa, mzee mwenye nimonia, hospitali imeshalipia, mbona hamjatoka? Fomu iliuliza kuhusu mtungi mkubwa. Nikaandika "umejaa". Sikuufungua.

Mzee alikuwa kwenye barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Tukiwa katikati ya safari nikaona ule mfuko unanywea, ukajikunja na kushikana kama karatasi ya nailoni iliyolowa. Mtungi mkubwa ulikuwa umekwisha. Oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 94, ikashuka 88. Nikarukia mtungi mdogo wa machela. Ukijaa hubeba lita 425, na sindano ilikuwa nusu. Gawanya mwenyewe: dakika 14, na mbele yetu zimebaki 25. Nikampunguzia mtiririko ili itufikishe, kioo cha mashine ya kupima oksijeni kikasoma 79. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Hakuniuliza kitu, alikuwa anasoma namba zile pamoja nami.

Nilimwambia dereva akate kona hospitali yoyote iliyo karibu. Tukaingia kuomba mtungi, wakatupa bila maneno mengi. Mzee alifika hai. Binti akanishika mkono akasema, "Asante sana, mwanangu." Asante ile bado inanichoma.

Niliandika ripoti mwenyewe, nikapewa barua ya onyo, na ilinistahili. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa zamu mbili wanapishana getini bila hata dakika 15 za kukabidhiana gari, au kwa nini mtu anapelekwa njiani saa ya 14 bila kulala. Ulizeni nyinyi, tena kwa maandishi, na mkiwa wengi.

2. Saa za ziada ziandike kwenye daftari lako siku ileile. Ofisi husahau.

3. Machela haibebwi na mtu mmoja shujaa. Ita mkono wa pili. Mgongo hauna wa kukupokea zamu.

4. Ukimkabidhi mgonjwa, mtazame muuguzi usoni, taja dawa, kipimo na saa uliyompa, halafu ngoja akurudishie maneno yako.

5. Chumba cha simu wakikuharakisha, jibu: "Nakagua gari, nipeni dakika 10." Watafoka. Waache wafoke, wao hawako nyuma na mgonjwa. Nilipolisema mara ya kwanza sauti ilinitetemeka, na dereva wangu, mtu asiye na maneno, akazima injini akashuka kuja kunisaidia kuhesabu.

Na wewe wa juzi, sijakutaja kwa msimamizi. Kesho njoo saa 11 na nusu alfajiri. Nitakuwa nyuma ya gari, mitungi yote miwili tutaifungua pamoja.