Jibu: Nyota zinarefuka ingawa grafu imetulia
Ndugu, unasema kamera mpya ya kuongozea (ile inayofuatilia nyota ili darubini kuu ibaki imelenga) inashika nyota vizuri na grafu ya PHD2, programu ya kuongozea, imetulia, ila picha zako za dakika 5 za Nebula ya Orion zina nyota zilizorefuka. Mimi naishuku darubini ndogo ya kuongozea. Inacheza kidogo kidogo kwenye vishikio vyake, na programu haiwezi kuliona hilo kwa sababu yenyewe huona kupitia darubini hiyohiyo ndogo tu. Ukiwa bado unaongoza, piga picha za sekunde 30 kwa saa nzima, kisha zipitie mfululizo. Nyota zikihama taratibu upande uleule, kaza skrubu zote na ufunge nyaya zisining'inie. Mimi nyaya ndizo zilinisumbua muda mrefu! Halafu rudia kalibresheni (programu ijifunze upya jinsi mota zinavyosogeza darubini) karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia.