Kutoka redioni hadi kusoma habari za siasa kwenye runinga

Mdogo wangu, nimekuelewa: una miaka miwili redioni, unatamani kusoma taarifa ya habari na kuhoji wanasiasa kwenye runinga, lakini mhariri amekwambia sauti haitoshi. Amesema kweli.

Anza Dodoma kabla ya studio. Omba kupangiwa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Soma hotuba za mawaziri na taarifa za kamati, na kariri vifungu muhimu vya Katiba ya 1977. Mtangazaji anayejua bajeti ya mwaka jana ilisemaje hayumbishwi na waziri. Mimi niliwahi kumhoji mbunge bila kusoma taarifa ya kamati yake. Alinizungusha dakika kumi hewani, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Kwa kamera, jirekodi kwa simu kila siku ukisoma habari moja, kisha tazama macho na pumzi zako. Hilo ni la mazoezi tu.

Ulitaja bahasha ya pesa uliyopewa baada ya mkutano wa chama. Irudishe, na mwambie mhariri wako leo hii. Najua nauli inatoka mfukoni mwako, lakini ukiipokea, swali gumu litakukwama kooni siku ya uchaguzi.

Hakikisha pia una ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaidai. Na ukitishiwa kwa sababu ya habari, tunza ujumbe wote na umwone wakili kabla hujajibu chochote.