Lehemu Imepanda? Pima na Thairoidi

Majibu yangu ya kwanza yalionyesha LDL, ile lehemu (kolesteroli) mbaya, ni 5.1 mmol/L. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Unakula nini?" Nikarudi nyumbani na aibu. Miezi minne sikugusa cha kukaanga, nikatembea kila jioni. Kupima tena: 5.3.

Ambayo sikumwambia, kwa kuwa hakuuliza: nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu, nililala na soksi wakati wenzangu wanajipepea, choo kigumu, hedhi nzito. Daktari wa pili aliyasikia hayo, akanipapasa shingo, akaagiza kipimo cha TSH, homoni ya ubongoni inayoisukuma thairoidi, tezi ya shingoni, ifanye kazi. Ilikuwa juu mno. Maana yake, thairoidi yangu ilikuwa imezubaa.

Ini ndilo linaloondoa LDL kwenye damu, kwa kuidaka kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Homoni ya thairoidi husaidia ini kutengeneza vipokezi hivyo. Ikipungua, wadakaji wanapungua, na LDL inabaki ikizunguka hata ukila majani matupu. Estrojeni nayo husaidia kazi hiyohiyo, ndiyo maana wengi wetu LDL hupanda hedhi ikikaribia kukoma, ilhali sahani ni ileile. Wenye ovari za vifuko vingi mara nyingi huona sura nyingine: mwili hausikii insulini vizuri, trigliseridi (mafuta mengine ya damuni) hupanda, HDL, ile lehemu nzuri, hushuka.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali statini, dawa za kushusha lehemu, uliza kama TSH imepimwa. Si kwamba statini ni mbaya (wapo wanaozihitaji kabisa), ila thairoidi isiyotibiwa huongeza hatari ya misuli kuuma ukizitumia. Na kama u mjamzito, lehemu kupanda ni kawaida. Usihukumiwe kwa kipimo hicho.

Dawa yangu, levothyroxine, homoni ya thairoidi ya kidonge, nameza alfajiri kwa maji, tumbo tupu, kisha nasubiri saa nzima. Mwanzoni niliimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma, na TSH ikagoma kushuka. Kumbe chuma huizuia kufyonzwa. Sasa nimeviachanisha kwa saa 4. Dozi huamuliwa na daktari, na TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

LDL yangu sasa ni 3.2. Kitana bado kinatoka na nywele, ila naweza kuzihesabu.