Kabla Hujaacha Kibarua: Hesabu ya Mwezi ya Chaneli ya YouTube

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wanaoanza ni hili: "Dada, video ikitazamwa mara elfu moja, unapata shilingi ngapi?" Nalielewa, maana na mimi nilianzia hapo. Napika mapishi ya Pwani kwenye YouTube, niko Tanga, na mwaka wa kwanza nilipiga hesabu kwa bei niliyoisikia kwa Mmarekani mmoja. Nikakopa kwenye kikundi, nikanunua taa na jiko. Fedha iliyoingia haikufika robo ya niliyotarajia. Deni nililimaliza kwa kuuza vitumbua alfajiri.

Bei moja ya watu wote haipo. Kuna CPM, ambayo ni fedha anayotoa mtangazaji kwa matangazo elfu moja yaliyoonyeshwa, kabla YouTube haijachukua chake. Kwenye video ndefu, wewe hupata asilimia 55 ya fedha ya matangazo. Halafu kuna RPM, yaani unachobaki nacho wewe kila video zako zinapotazamwa mara elfu, ukijumlisha hata zilipotazamwa bila tangazo lolote. Piga hesabu kwa RPM. Na iwe RPM yako, ya miezi mitatu iliyopita, wala usiazime ya jirani.

Kinachoipandisha na kuishusha zaidi ni mahali mtazamaji alipo. Mtangazaji anayemtafuta mteja wa London au Minneapolis hutoa fedha nyingi kuliko anayemtafuta mteja wa Muheza. Somo langu la mkate wa kumimina linatazamwa sana na Waswahili walioko Oman na Uingereza, waliokumbuka nyumbani. Ni wachache kuliko watazamaji wa hapa, lakini video ile inalipa kuliko nyingine iliyotazamwa mara mbili yake. Kwa hiyo ingia YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za chaneli yako, tazama nchi za watazamaji wako kabla hujashika kikokotoo. Shorts, zile video fupi, zihesabu peke yake: kwangu Shorts zikitazamwa mara elfu huleta senti chache tu za dola, na ukizichanganya na video ndefu hesabu yote inaharibika.

Sasa tupige. Tuseme umeshatimiza vigezo vya kulipwa matangazo, yaani watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Video zako ndefu zimetazamwa mara 60,000 mwezi huu, na RPM yako ni senti 50 za dola. Sitini mara nusu dola ni dola 30. AdSense, huduma ya Google inayotulipa fedha za YouTube, haikutumii fedha mpaka zifike dola 100, kwa hiyo kwa mwendo huo utalipwa mara moja kila miezi minne hivi. Huo si mshahara wa mwezi, na hapo hujatoa bando, gesi, nazi na mafuta. Mimi nina daftari la gharama hizo, naandika siku ileile ninayorekodi.

Kuna na kodi ya Marekani, ambayo wengi wanaoanza hawaijui. Ukijaza fomu ya kodi ndani ya AdSense, sisi wa Tanzania na Kenya tunakatwa asilimia 30 ya mapato yaliyotokana na watazamaji wa Marekani peke yao. Usipojaza, unaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote, hata ya mtazamaji wa Korogwe. Kwenye dola 30 zetu, kama dola 6 zimetoka Marekani, aliyejaza anakatwa dola 1.80. Asiyejaza anaweza kukatwa dola 7.20. Jaza leo, mdogo wangu, ni kazi ya dakika chache.

Misimu nayo inadanganya. Watangazaji humwaga fedha kuelekea Desemba, kisha Januari wanabana mkono, RPM inashuka bila kosa lako. Kwangu msimu mkubwa ni Ramadhani, nao unasogea nyuma siku kama 11 kila mwaka: 2024 ulianza wiki ya pili ya Machi, 2025 mwanzoni kabisa mwa Machi. Ukilinganisha Machi na Machi hesabu itakudanganya. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, na mwezi wa futari usiufanye kipimo cha mwaka mzima.

Mapato yakifika dola 10, AdSense hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Andika S.L.P. unayoifungua mwenyewe. Mimi niliandika ya ofisi ya shemeji, barua ikalala huko wiki sita, na ikipita miezi minne hujaingiza namba, matangazo yanasimamishwa.

Na tarehe uzijue. Kiasi unachokiona kila siku ni makadirio. Cha mwezi uliopita huthibitishwa kati ya tarehe 7 na 12, wakitoa yale waliyoona si halali. Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26, halafu benki ina siku zake na makato yake. Mwenye nyumba usimwahidi tarehe 20. Mimi kodi ya chumba bado naitoa kwenye vitumbua, na ya YouTube ikiingia inaenda moja kwa moja kununua vyombo vya kazi.