Jibu: Mama anatetemeka, levodopa haisaidii

Habari ndugu, na pole kwa kuuguza. Umesema mama alianza kutetemeka na kukakamaa mikono yote miwili kwa pamoja, miezi michache baada ya kuanza dawa ya kichefuchefu, na levodopa, dawa ya Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), haijamsaidia.

Kabla ya yote, soma jina la hiyo dawa. Kama ni metoklopramaidi, mpelekee daktari pakiti yenyewe. Dawa hiyo huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, ndiyo maana dalili hufanana mno na Parkinson. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri isizidi siku 5, lakini wazee wengi huendelea nayo tu bila mtu kuuliza. Shangazi yangu alikuwa hivyohivyo.

Parkinson yenyewe kwa kawaida huanzia upande mmoja. Hicho si kipimo cha uhakika, ila mtajie daktari.

Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo huleta dalili kama hizo. Hiyo msiikatishe wenyewe kabisa, hasa akiwa anatibiwa akili.

Dawa ikisimamishwa, nafuu huja taratibu, wiki hadi miezi. Dalili zikibaki, huenda Parkinson ilikuwepo imejificha. Arudi kwa daktari wa mishipa ya fahamu.